Sentensi Tatu za Kutokea Wodini

Mkasi mdogo uliopinda ncha, niliouacha kwenye droo ya pili ya meza ya wodi ya upasuaji, si wa kukatia kucha. Nasema hivi mapema kwa sababu wiki yangu ya mwisho kazini nilimkuta mmoja wenu, jina nalihifadhi, ameukaza kwenye dole gumba la mguu. Mkasi ule una kazi moja tu: kukata tundu la duara kwenye mfuko wa mgonjwa ambaye choo chake hakipiti tena njia tuliyozaliwa nayo. Ukiisha makali tundu litatoka na meno, na meno hayo yatamla mtu ngozi usiku kucha.

Mliniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimeanza na mkasi kwa sababu mkisahau mengine yote, huo utawakumbusha.

Naandika kwa Kiswahili, mnisamehe. Nilizaliwa Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kule, nikaja Gisenyi nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha uuguzi na Kinyarwanda cha kuombea chumvi tu. Kinyarwanda changu cha leo kinatosha kugombana nacho, lakini nikikiandika binti zangu wanacheka, na Kifaransa nawaachia madaktari. Kiswahili chenu cha hapa, cha "mu" na "iko", nilikidharau mwaka wa kwanza, nikakizoea wa pili, na wa tatu mama yangu mzazi alinikaripia Karagwe kwa kumwambia chai yake "iko muzuri". Kuhusu vyeo na mishahara sitasema neno, kwanza kwa sababu havijawahi kufunga kidonda, na pili kwa sababu sina cha kusema.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mama Speciose. Alikuwa muuguzi mkubwa wa wodi, mnene, mfupi, aliyekulia upande wa Congo, na alitembea na sindano ya kushonea nguo kwenye ukosi wa koti lake jeupe. Nilidhani amesahau kuitoa. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kitanda cha bibi mmoja aliyepasuliwa wiki ile.

Kwa wasio wauguzi watakaoikuta karatasi hii, nieleze. Mtu akiwa na saratani sehemu za mwisho za utumbo, mara nyingine daktari hukata kipande kibovu na kuutoa mwisho wa utumbo uliobaki nje, kupitia tumboni. Unaonekana mwekundu, una unyevunyevu, na ukubwa wake ni kama kifungo cha koti. Ukiguswa hauumi. Lakini hauna mlango wa kufunga, kwa hiyo hautii amri ya mwenyewe: choo na hewa hutoka vinapotaka, na mfuko unaobandikwa pale ndio unaovipokea.

Mama Speciose akaubandua mfuko wa bibi yule, nami nikakunja pua. Sikukusudia, ilijikunja. Bibi aliniangalia kwa muda, akamgeukia Mama Speciose.

"Huyu mutoto ya Tanzania," akasema, "pua yake imefunga duka."

Mama Speciose alimaliza kazi yake bila haraka, kisha akanivuta mkono mpaka nje.

"Sikia, Anastase. Unaangalia sura mbele, tumbo nyuma. Tumbo haiko na haya. Sura ndiyo iko na haya. Na ile ya mugonjwa inaangalia ya kwako."

Jioni hiyo alinipeleka sokoni, kwa mwanamke aliyekuwa akianika sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akanisimamisha juu ya karai la samaki ambao hawakuwa wa siku hiyo. Akaniamuru nimsimulie harusi yangu yote, kuanzia posa mpaka keki, bila kubadilisha sura. Nilisimulia. Nilipofika kwenye keki, muuza sambaza aliniuliza kwa upole mke wangu alifariki lini. Mama Speciose akasema bado, nikaendelea na mazoezi wiki nzima, hadi nikaweza kutabasamu juu ya lile karai kama mtu anayesubiri chakula.

Ile sindano ya ukosini nilielewa kazi yake mwezi wa pili. Mifuko halisi ya wagonjwa hutoka Kigali kwenye maboksi, na maboksi yana tabia ya kuchelewa. Ikiisha, tulitumia vifuko vidogo vya plastiki vinavyoonyesha ndani, tukavifunga kwa mkanda wa kitenge alioushona Mama Speciose mwenyewe, wenye tundu katikati na kamba mbili nyuma. Kila mgonjwa alipimwa kiuno, na kila mmoja alichagua rangi ya kitenge chake. Kuna wanaume waliokuja na saratani na wakaondoka wakibishana juu ya maua.

Sasa, nchi hii imekataza mifuko ya plastiki, na mimi nakubaliana nayo. Tazameni barabara zetu zilivyo safi. Hospitali iliruhusiwa kuwa na vifuko vile kwa kazi zake, na karatasi ya ruhusa ilibandikwa ukutani stoo, ndani ya kioo. Tatizo dogo lilikuwa kwamba mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, haendi na ukuta.

Mama Speciose alipostaafu aliniachia wagonjwa wa utumbo, sindano na mkasi. Nilijiona bingwa. Kisha akaja mzee mmoja wa Nyamyumba, mvuvi, aliyepona vizuri kiasi kwamba siku ya kumwachia nilimwambia, "Mzee wangu, sasa ishi kama zamani." Akaenda kuishi kama zamani: akaingia kwenye maji ya moto ya kule kwao, yale yanayobubujika kando ya ziwa, ambako amejiloweka tangu ujana. Gundi ya mfuko haipatani na maji ya moto. Ulibanduka, ukaelea, ukaanza safari yake kati ya waogaji. Wote walitoka kwa dakika moja. Mzee alibaki peke yake, na aliporudi kliniki hakuwa na huzuni hata kidogo; alisema tangu azaliwe hajawahi kuoga kwa nafasi namna ile. Tangu hapo namwambia mgonjwa kitu kimoja kimoja: maji gani, mzigo gani, chakula gani. "Ishi kama zamani" nimeifuta mdomoni.

Aliyenifundisha zaidi ni mwalimu mmoja wa Rugerero. Yeye alipanda moto, yaani pikipiki ya kukodi, kutoka kazini kwenda kwake, na dereva, kama kawaida yao, akamwambia asogee karibu. Mwalimu akakataa kusogea. Dereva akauliza kwa nini. Mwalimu, mtu wa kufundisha sarufi miaka yote, akakosa neno. Akasema tu kwamba hapendi kubanana na watu. Dereva akakasirika, akaendesha kwa hasira, akafunga breki kwenye tuta, na tumbo la mwalimu likaufikia mgongo wa dereva kwa nguvu zote. Wote wawili walifika Rugerero wakihitaji kufua. Mwalimu alijifungia ndani, na shule ikapata mwalimu mwingine. Nilipomtembelea aliniambia, "Ningesema tu, muganga. Maneno machache tu."

Basi nikatunga sentensi tatu. Mnazijua, mmezisikia wodini mpaka mmezichoka: "Nilikuwa na saratani ya utumbo. Nimepasuliwa, na sasa choo changu kinatokea hapa tumboni. Huu mfuko ndio unaokipokea." Kila mgonjwa alipaswa kuzisema kabla ya kupewa karatasi ya kutoka, kwa lugha yoyote, akiwa amesimama, kwa sauti ya kufika kitanda cha mwisho. Siyo "tatizo langu", siyo "ile hali", siyo kunyoosha kidole kuelekea chini na kukohoa. Neno choo lazima litamkwe. Nilikuwa mkali. Niliwahi kumrudisha kitandani mchungaji mzima kwa sababu alisema "mambo ya maumbile".

Mmoja tu alitoka bila kuzisema. Huyo ni Mama Furaha.

Mama Furaha ni mjane, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka. Kila asubuhi, kwa miaka ambayo mwenyewe hakuihesabu, alichukua makabichi ya Kanama, akayapanga kwenye beseni, akalitia kichwani, akavuka kwa miguu ile petite barrière, kile kivuko kidogo cha mpakani, kwenda kuuza Goma, na mchana akarudi. Sauti yake ya kuitia wateja ilijulikana pande zote mbili. Alipopasuliwa kila kitu kilikwenda vizuri, daktari alifurahi, kidonda kilifunga. Lakini siku ya kutoka, nilipomsimamisha aseme, alifungua mdomo akaanza kulia. Nikamwonea huruma nikampa karatasi yake. Mnaweza kuniuliza makosa yangu ya kazini. Hilo liko juu kwenye orodha.

Mwaka mzima ulipita na hakuvuka. Alikuwa akija kliniki kwa njia ya nyuma, anakaa mwisho wa benchi, amejifunga vitenge vitatu na joto lote lile. Alikuwa akila kwa binti yake Furaha, na kila alipolisema hilo aliangalia sakafu.

"Mi nilikuwa mutu ya barrière," aliniambia siku moja. "Sasa niko mutu ya chumba. Daktari anasema nimepona. Nimepona niende wapi?"

Nikamuuliza anaogopa nini hasa. Akanieleza, na hofu yake ilikuwa na akili. Kuna wanawake wanaoficha masashe, yaani mifuko ya plastiki, chini ya nguo ili kuiingiza kwetu. Kwa hiyo pale mpakani, wakati wa kurudi, mkaguzi wa kike hupapasa wanawake tumboni na kusikiliza. Plastiki ina kelele zake.

"Atashika hapa, itafanya kwa-kwa-kwa. Atasema, mama, uko unaficha masashe. Nitajibu nini? Na nyuma yangu kuna mulongo ya bamama, bote bananijua! Afazali nikae."

"Utajibu zile sentensi tatu."

"Muganga, hiyo neno mi siwezi. Yewe! Mbele ya batu?"

Nikaamua kwamba kabla sijastaafu, Mama Furaha atavuka. Kwanza, nilimkataza makabichi. Mtu aliyetolewa utumbo tumboni akibeba mzigo mzito, misuli pale pembeni inaweza kuachia na utumbo ukajisukuma nje zaidi. Tukakubaliana trei za mayai. Alilia kidogo kwa ajili ya makabichi, lakini alikubali. Pili, nilimshonea mkanda mpya kwa sindano ya Mama Speciose, nikauwekea ndani vipande vya blanketi kuukuu ili kuzuia kelele. Tatu, tukafanya jaribio. Nilimtembeza Mama Furaha katikati ya wodi, mwenyewe akidhani tunapima mwendo, na wagonjwa wote nikiwa nimewaagiza wasikilize.

"Nasikia!" akasema mzee wa kitanda cha nne.

"Hiyo iko kitanda yako," akajibu jirani yake.

Wakabishana hadi muda wa dawa, lakini kura zilisema mkanda uko kimya. Mama Furaha akanipa sharti moja: niende naye, na nisivae koti jeupe, maana watu wakimwona na muganga wataanza kuuliza.

Tulivuka siku ya Jumamosi asubuhi, kila mmoja na trei zake. Yeye kichwani, mimi mikononi, nikitembea kama niliyebeba mtoto wa mtu mwingine. Kwenda hakuna aliyetupapasa. Na tulipofika sokoni Goma nilishuhudia kitu ambacho vitabu vyetu vya uuguzi havikielezi. Mama mmoja muuza nyanya alimwona, akaacha nyanya zake, akapiga yowe: "Mama Furaha! Tulisema umekufa!" Wakaja wengine. Mama Furaha akasimama katikati yao, akavuta pumzi, na ile sauti ikatoka, "Mayaaai! Mayai ya Kanama, yenye kiini ya rangi!" Nilisimama kando. Machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi, na Goma ina vumbi la kutosha kwa kila mwongo.

Mayai yaliisha kabla ya saa sita. Ndipo akaagiza fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, na sahani ya maharage iliyojaa mpaka ukingoni, pamoja na soda.

"Mama Furaha, tulizungumza kuhusu maharage. Na soda. Hewa itajaa."

"Muganga, mwaka muzima nimekula uji ya binti yangu. Bon. Leo acha."

Nikaacha. Wakati anakula nilizunguka kunyoosha miguu, na hapo ndipo shetani wangu aliponikuta. Kwenye mlango wa duka moja kulikuwa na pakiti ya vifuko vya plastiki: vidogo, vigumu kidogo, vinavyoonyesha ndani, kipimo kile kile. Stoo yetu ilikuwa imebaki na vichache, boksi la Kigali lilikuwa halijulikani liko wapi, na nilikuwa na wagonjwa watatu walioniuliza wiki ile. Najua nilichopaswa kufanya. Nilipaswa kuacha, au kwenda kuuliza kwa wahusika nikiwa na barua mkononi. Badala yake nilinunua pakiti nzima, nikaingia nyuma ya ukuta, nikaipachika chini ya shati, juu ya mkanda wa suruali, upande wa kushoto wa tumbo. Ni pale pale tunapoweka mifuko ya wagonjwa. Mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea.

Wakati wa kurudi Mama Furaha alitangulia. Maharage na soda vilikuwa vimeshaanza mazungumzo yao, na mfuko wake ulikuwa umevimba chini ya vitenge. Mkaguzi alikuwa afande mmoja wa kike, kijana, mpole, aliyelelewa Uganda. Akapitisha mikono pembeni, akapitisha tumboni. Nilizuia pumzi. Blanketi halikutoa sauti yoyote. Afande akahisi ule uvimbe laini, akatabasamu.

"Mama, congratulations," akamwambia.

Mama Furaha, bibi wa wajukuu wanne, akasema asante, akapita. Alikuwa ameingia nyumbani, siri yake nzima, trei tupu kichwani. Nilitaka kupiga makofi.

Sisi wanaume pale hatupapaswi sana, tunatazamwa tu. Nilikuwa nimeshapita nusu. Ndipo nikakohoa. Shati langu likafanya kwa-kwa-kwa.

"Mzee," akasema afande. "Nini inalia hapo?"

"Ni vitu vya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya hospitali."

"Vitu gani ya hospitali?"

"Vya wagonjwa."

"Vya kufanya nini?"

Wenzangu, nataka mnione vizuri hapo niliposimama. Mtu aliyemrudisha mchungaji kitandani. Mtu wa sauti ya kufika kitanda cha mwisho. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu, na katika foleni hiyo mama mmoja tunayeimba naye kwaya, sauti ya pili. Nilifungua mdomo nikalitafuta lile neno, halikuwepo.

"Vya kuwasaidia," nikasema, "katika mahitaji yao."

"Mahitaji gani?"

Nikatazama ziwa. Afande akanisubiri. Kisha, na hili sijawahi kumwambia mtu, nikajaribu kudanganya. Nikashika tumbo, nikasema mimi mwenyewe ni mgonjwa, ni vyangu, natumia.

"Pole sana, mzee. Onesha."

Nikapandisha shati. Pakiti ikaanguka. Nyuma yake lilibaki tumbo zima, la afya, lenye kitovu na hakuna kingine. Foleni ikapiga kelele, "Eee! Muzee na masashe!" Yule mama wa kwaya akaweka mkono mdomoni. Sura yangu, iliyofundishwa juu ya karai la sambaza, ilikuwa imefunga duka na kuondoka na funguo.

Mama Furaha alikuwa ameshatembea hatua kama kumi upande wetu. Alikuwa amegeuka. Nikamwonyesha kwa macho, nenda, nenda nyumbani. Alikuwa amefanya alichokuja kufanya. Hakuna aliyejua kitu. Akashusha trei zake, akaziweka chini taratibu, akarudi.

"Afande," akasema, "huyu mutu hapana mwizi. Ni muganga wangu. Anaona haya."

"Haya ya nini, mama?"

Nilimwona akivuta pumzi kama alivyoivuta sokoni. Na akazisema, kwa ile sauti ya makabichi, foleni nzima ikisikia na bila shaka Goma yenyewe ikisikia.

"Mi nilikuwa na kansa ya utumbo. Balinipasua, na sasa choo yangu inatokea hapa ku tumbo. Na hii poche ndiyo inaipokea." Akaushika mkono wa afande, akauweka juu ya mkanda. "Muganga anatufutia, anatushonea, anatutafutia poche. Ile masashe ni ya batu kama mimi. Yeye ameshindwa kusema choo. Basi mimi nimesema."

Afande hakuuondoa mkono. Na chini ya mkono huo maharage yakasema ya kwao. Ilikuwa sauti ndefu, iliyopanda mwishoni kana kwamba inauliza swali.

"Umesikia?" akasema Mama Furaha. "Hiyo hapana mimba, afande. Hiyo ni maharage ya Goma."

Foleni yote ililipuka kwa kicheko, na Mama Furaha akacheka kuliko wote, akishikilia tumbo kwa mikono miwili kama tulivyomfundisha kufanya akikohoa au kucheka. Nilimtazama afande. Pua yake haikukunjika. Nilimpa alama zote.

"Mama, pole, na asante," akasema. "Hiyo umeivaa, ni mwili wako, nenda nayo. Lakini mzee, pakiti inabaki. Hospitali yenu iandike barua, iombe, itapewa. Hii siyo ya kubeba mu shati."

Alikuwa sahihi kabisa. Akaniandika kwenye daftari, jina na kazi, akanikalisha kwenye benchi la waliokamatwa. Kulikuwa na wanawake wawili wenye kosa kama langu. Walisogea wakanipa nafasi katikati, kama mnavyompokea mfanyakazi mpya.

Kutoka pale benchini niliona mama mmoja akitoka kwenye foleni na kumfuata Mama Furaha. Akamnong'oneza sikioni, akiangalia huku na huku.

"Sikusikii, mama," akasema Mama Furaha. "Sema na sauti."

Yule mama akakaza kitenge chake. Kisha akasema kwa sauti kwamba mume wake amekaa ndani miaka miwili kwa ajili ya kitu hicho hicho, na huo mkanda usiolia unashonwa na nani. Mama Furaha akaninyooshea kidole mimi, mhalifu wa benchini. Jumanne iliyofuata yule mwanamume alikuwa kliniki, akichagua maua ya kitenge.

Ile kadi ndogo ya kijani mnayompa kila mgonjwa anapotoka, inayosema anavaa nini na kwa ruhusa ya nani, mmekuwa mkidhani ilitoka kwenye semina. Ilizaliwa kwenye benchi lile. Hospitali iliandika barua, ikajibiwa, na ukuta wa stoo ukapata miguu. Wakubwa waliniuliza wazo nimelipata wapi. Nikasema ni tafakuri ya muda mrefu. Kuhusu Mama Furaha mnajua: anauza mayai Goma siku tano, na Jumanne anakuja wodini kuwasikiliza wanaotaka kutoka, na yeye ni mkali kuliko mimi nilivyowahi kuwa.

Ndivyo nilivyotaka kuwaachia: mkasi, sindano, kadi, na kuhusu maharage muwe na kiasi. Nilikuwa nimepanga kumaliza hapo na kuiruka ile sehemu ya shati, kama nilivyoiruka kwa miaka yote. Lakini mlikuwepo kwenye sherehe ya kuniaga, mliona. Hotuba ziliisha, soda zilifunguliwa, na Mama Furaha akasimama na trei yake ya mayai ya zawadi.

"Muganga amefundisha batu bote kusema," akatangaza. "Lakini yeye bado hajasema yake. Na bila kusema, hakuna kutoka. Donc, muganga, simama."

Nilitafuta ziwa. Kwenye ukumbi ule ziwa halionekani. Nikasimama, mikono ikitafuta pa kukaa, mkiniangalia nyote na glasi zenu.

"Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa utumbo," nikasema. "Nilikamatwa mpakani na mifuko ya plastiki chini ya shati. Ni kwa sababu mbele ya watu niliona haya kusema neno choo."

"Kitanda ya mwisho haijasikia," akasema Mama Furaha.

Nikarudia.